Mia na Kumi kwa Sabini

Muuguzi alimvuta kope ya chini kwa kidole gumba, akalichungulia jicho, akaandika kwenye kadi: 110/70.

"Presha yako safi," alisema. "Pakiti zako tatu za uzazi wa mpango hizi. Rudi baada ya miezi mitatu."

"Dada, kile kichwa bado kinanisumbua," alisema Kola.

Kola halikuwa jina lake. Kiwandani alishona kola za mashati ya shule, kola tu, kwa miaka sita, mpaka watu wakasahau jina alilopewa na mama yake. Asubuhi hiyo alikuwa na ruhusa ya saa moja, na dakika arobaini zilikuwa zimeshaliwa na benchi la nje, ambako wanawake zaidi ya hamsini walisogea kwa makalio kila mlango ulipofunguliwa. Muuguzi alikuwa mmoja. Walisema zamani walikuwa wanne.

"Kinauma vipi?"

"Upande mmoja. Na kabla hakijaanza naona vimulimuli, kama mtu anachomelea vyuma mbele yangu. Juzi sikuiona hata sindano."

Kalamu ilisimama. Muuguzi alitupa jicho juu ya kabati, kwenye chombo kimoja chenye mpira uliopasuka, kilichofunikwa gazeti. Kola alikiona kila alipokuja na hakujua ni cha nini. Kisha muuguzi akatazama mlango, ambako benchi lilikuwa linakohoa.

"Maji unakunywa?"

"Kiwandani maji mara mbili, choo mara mbili."

"Basi ndiyo hayo. Ingekuwa presha imepanda, ningesema ni vidonge, nikusimamishie. Lakini hebu jionee mwenyewe." Akamgeuzia kadi. Mistari saba, toka juu hadi chini, 110/70, 110/70, kwa mwandiko mzuri. "Wewe mzima kuliko mimi."

Kola aliamini. Alikuwa ameishia darasa la nne, na kadi ile ndiyo hati pekee duniani iliyowahi kumsifu. Watoto wake wote wawili alijifungulia nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jirani. Kwa hiyo alijua kwamba presha hupimwa jichoni, kama homa inavyopimwa kwapani. Nani angemwambia vinginevyo? Kila mwanamke aliingia peke yake, akavutwa kope, akatoka na pakiti zake.

Na alizitumia kwa adabu. Kidonge kimoja kila siku, taarifa ya habari ilipoanza kwenye redio ya jirani, akifuata mishale ya pakiti kama mtu anayefuata mshono. Siku moja alisahau, akaamka alfajiri na moyo unamdunda, akakimeza hapohapo kama alivyofundishwa. Hakuwa na nafasi ya kukosea. Mkataba wa kiwandani uliongezwa kila miezi sita, na mwenye tumbo hakuongezewa. Msimamizi wa laini alilisema wazi kila mkutano, huku anacheka: "Hatumkatazi mtu kuzaa, mama zangu. Tunakataza kuzaa mkiwa na mkataba." Baba watoto alikuwa machimboni, huja mwisho wa mwezi. Salamu zake zilifika mara nyingi kuliko yeye.

Siku ya kumi na moja baada ya kliniki, saa nne asubuhi, mkono wa kulia wa Kola ulibaki juu ya kitambaa wakati cherehani inaendelea kwenda. Sindano ilipita kwenye kidole cha shahada, na hakusikia kitu. Aliyepiga kelele ni mwenzake wa jirani. Kola aligeuka ili amwambie asipige kelele, msimamizi atakuja, na mdomo wake ukaenda upande.

Hospitali kubwa walimfunga kitambaa kipana kwenye mkono wa kushoto, wakakijaza upepo mpaka kikambana kama mtu anayemshika asianguke. Daktari alitazama mashine, akafunga tena, akatazama tena.

"Mia na tisini na nane kwa mia na ishirini," alisema. Akainama. "Dada, presha yako haijawahi kupimwa?"

Hapo ndipo Kola alipoelewa. Alielewa yote kwa mkupuo: mpira uliopasuka, gazeti, kope, mistari saba ya mwandiko mzuri. Alitaka kusema hapana, haijawahi, hata mara moja. Alifungua mdomo.

"Ndiyo," alisema.

"Unaitwa nani?"

"Ndiyo."

Daktari alimtoa mama yake kando, lakini si mbali. "Anasikia na anaelewa, mama. Kiharusi kimemwachia neno moja tu. Wengine hubaki na tusi, wengine na jina la mtoto. Na kuandika pia kumeharibika."

"Afadhali ndiyo," alisema mama, akijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Toka mdogo alikuwa mtiifu."

Daktari aliomba kadi, akaisoma, akakunja uso. Mwenye presha kama hii, alisema, na kichwa cha namna ile alichosimulia mama, hapewi vidonge vya aina hii. Viko vya aina nyingine, ziko na njia nyingine. Ataandika barua, waje watu waulize kliniki ilipimaje.

Walikuja mwezi wa tatu tangu augue. Kola alikuwa ameshalazwa nyumbani, chumba kimoja, kitanda kimevutwa dirishani. Mdogo wake ndiye aliyekalia cherehani yake sasa. Msimamizi alimchukua siku ya pili tu, akasema damu ni ileile, ataweza kola. Damu ilikuwa ileile kweli. Mama yao naye alikuwa na presha, na wiki ile mdogo mtu alirudi kutoka kazini ameshika kichwa upande mmoja, akasema taa za kiwandani zinamchoma macho. Kola alimshika kiganja, akakivuta, akakivuta tena. "Ndiyo," alimwambia, machozi yakimtoka. "Ndiyo, ndiyo." Mdogo wake alimbusu kwenye paji la uso, akadhani anabembelezwa.

Afisa alikuwa mwanamume mpole mwenye faili la kijani. Alikalia kigoda. Muuguzi alikuja naye, akabaki amesimama, na kwanza aliweka kitu mezani kando ya kikombe cha Kola.

"Nimemletea mdogo wake zile alizoagiza, mama," alisema. "Asihangaike na foleni, najua ruhusa ni ngumu kule kwao."

Zilikuwa pakiti tatu na kadi mpya. Kola aligeuza shingo. Wino ulikuwa bado mweusi kabisa: 110/70. Mtu mwenyewe yuko kiwandani toka alfajiri, hajavutwa hata kope.

"Mungu akubariki, mwanangu," mama alimwambia muuguzi. "Hujatutupa."

Macho ya muuguzi yalikuwa chini, kwenye viatu vyake vilivyochoka. Kola alimwona, na uchungu wake haukujua umwendee nani.

"Dada, maswali ni matatu tu," alisema afisa. "Daktari ameandika kwamba unaelewa. Ulielekezwa namna ya kumeza vidonge, kimoja kila siku, wakati uleule?"

Hilo lilikuwa kweli. "Ndiyo."

Afisa aliandika. "Uliambiwa kwamba ukiumwa kichwa kisicho cha kawaida, au ukaona vimulimuli, au kifua kikabana, au mguu ukavimba, uje useme?"

Alikwenda akasema! Aliambiwa anywe maji. Kola alitikisa kichwa kwa nguvu zote za shingo yake, kushoto, kulia, kushoto. "Ndiyo," mdomo ulisema. "Ndiyo."

Afisa aliinua kalamu. "Mbona anatikisa kichwa?"

"Ugonjwa huu," alisema muuguzi polepole, "wakati mwingine unatikisa shingo."

"Maneno yake ndiyo hayo siku zote?"

"Ni lile moja tu, baba," alisema mama. "Lakini nia yake njema."

Afisa alimtazama Kola kwa muda, akatazama nafasi kwenye fomu yake. Nafasi zilikuwa mbili: ndiyo na hapana. Alikuwa na nyumba nyingine nne siku hiyo. "Mimi naandika nilichosikia," alisema, kama anayeomba radhi. "La mwisho. Ulikuwa ukipimwa presha kila ulipokwenda kliniki?"

Kola aliuinua mkono wa kushoto, ule mzima, akajiziba mdomo. Alikandamiza kiganja mpaka meno yakamuumiza midomo. Alimkazia macho afisa, kisha akayapeleka kwenye kadi iliyo mezani, akayarudisha. Atazame tu. Aulize mwenye kadi hii yuko wapi. Ndani ya koo neno lilikuwa linapanda na yeye analirudisha, linapanda, analirudisha, na jasho lilimtiririka shingoni.

"Anataka kutapika?" aliuliza afisa, akisogeza faili lake.

"Hapana, ni aibu tu," alisema mama. Alisogea, akakaa kitandani, akakishika kile kiganja kwa mikono yake miwili. Kola alikaza. Mama alikuwa mzee, lakini alikuwa amefua nguo za watu maisha yake yote, na vidole vyake vilijua kubandua. Alibandua kimoja, kisha cha pili, taratibu, bila kumuumiza.

"Mwanangu," alisema, "mgeni anakuuliza. Mjibu."

"Ndiyo," alisema Kola.

Afisa aliandika. Mama aliushusha ule mkono, akauweka juu ya shuka, akaupigapiga kidogo kumsifu.