Aliyekuwa Akiuliza Mwezi

Siku Mzee Yeremia aliyoacha kupokea simu ilikuwa Jumanne, katika wiki ya mwisho ya mitihani ya chuo. Asubuhi hiyo alitoka nyumbani kwake, nje kidogo ya Nansio kisiwani, na mundu mkononi, akaenda kuvuna mpunga. Jua halijawa kali alipokaa chini kwenye tuta na kuomba maji. Aliyekwenda kuyaleta aliporudi, hakukuta mtu wa kuyanywa.

Getruda, binti yake mkubwa, alipata habari akiwa kwenye cherehani yake Mkolani, ng'ambo ya ziwa, anashona sketi za shule. Aliyempigia ni baba mdogo Elias. Alisema lililotokea kwa sentensi moja, na kabla Getruda hajapata nafasi ya kulia, akaingia kwenye jambo ambalo ni wazi wazee walikuwa wameshalizungumza. Precious, mdogo wake, asiambiwe. Mtoto alikuwa na mtihani wa mwisho Ijumaa asubuhi, Historia ya Ulaya. Mwili ungehifadhiwa hospitalini na mazishi yangekuwa Jumamosi. Ijumaa mchana, akishaweka kalamu chini, Getruda angemwambia na kupanda naye meli.

Halikuwa jambo geni. Katika ukoo ule mtoto aliye kwenye mtihani haambiwi msiba. Getruda mwenyewe alifichwa kifo cha bibi yake alipokuwa kidato cha nne, akaja kuambiwa getini siku aliyomaliza, sanduku lake likiwa bado kichwani. Hakuwahi kuwalaumu. Kwa hiyo alijibu, "Sawa, baba mdogo," akaweka simu mezani, kisha akamaliza pindo la sketi aliyokuwa ameishika, kwa sababu hakujua mikono yake aipeleke wapi.

Kazi ilikuwa jioni.

Precious aliishi hapo kwa dada yake na alisoma chuo kwa Kiingereza, lakini alielewa kwa Kiswahili. Tangu mwaka wa kwanza alikuwa na njia yake mwenyewe. Mada aliyoisoma mchana, jioni alimpigia baba na kumsimulia. Akikwama kuisema kwa Kiswahili, alijua hajaielewa, anarudi kwenye vitabu. Mzee Yeremia aliishia darasa la saba, ila Napoleoni alimfahamu kama mtu anavyomfahamu jirani msumbufu. Swali lake lilikuwa moja kwa kila vita na kila mapinduzi: "Mwezi gani huo?" Alitaka kujua kama watu walikuwa wameshavuna au bado. Mwanzoni Precious hakuwa na jibu, akaanza kulitafuta. Mwalimu wake, Chenge, akaanza kukuta miezi na mavuno kwenye insha zake, akamuuliza mbele ya darasa ameyatoa wapi. Alijibu kwamba kuna mtu kwao huwa anauliza.

Jumanne hiyo, jua likizama, Precious alijaribu namba ya baba mara kadhaa, akatoka nje, akarudi.

"Dada, baba hapatikani."

Getruda alimwambia simu ya baba imeingia maji, iko kwa fundi. Alikuwa ameliandaa hilo tangu mchana. Precious alicheka, akasema mzee atakuwa amekwenda nayo shambani kwenye mfuko wa shati kama kawaida yake, akiinama tu inamtoroka. Halafu akasema basi ampigie baba mdogo Elias. Getruda alisema baba mdogo naye yuko kwenye mavuno, anarudi amechoka, asimsumbue.

"Nieleze mimi," alisema. "Mimi nami nina masikio."

Precious alivuta kigoda karibu na cherehani. Akamweleza jinsi wafalme walivyokutana Vienna baada ya Napoleoni kushindwa, wakaipanga upya ramani ya Ulaya, wakacheza dansi na kula, na kila mmoja akiogopa watu wake mwenyewe kuliko alivyowaogopa wenzake. Getruda alikanyaga cherehani na kuitikia. Kila alipoitikia, alijisikia anakalia kiti cha mtu.

Mumewe, Mhoja, alikuwa fundi wa kujenga nyumba, na alishasema kwamba uso wake hauwezi kazi hiyo. Alianza kuondoka kabla ya chai na kurudi wakati wa kula, na hata hapo macho yalibaki kwenye sahani. Precious alimchokoza, akamuuliza kama Msukuma ameishiwa maneno, maana tangu juzi hajamwita Profesa wala hajawatukana Wakerewe. Mhoja alisema jino linamuuma. Getruda akaenda jikoni kutafuta chumvi ambayo ilikuwa mezani.

Kulikuwa na mengine ya kuziba. Kundi la familia kwenye simu lilinyamaza siku ile ile, wakafungua jingine la mazishi ambalo Precious hakuwemo. Yeye aliona ukimya. Alisema hata shangazi ameacha kutuma zile salamu zake za asubuhi zenye maua, sijui watu wamegombana. Getruda alisema labda wamechoka maua. Jirani aliyekuja kutoa pole alikutwa mlangoni na kugeuzwa, akatoa pole yake kwa mkono tu, bila sauti. Getruda alikuwa akilia bafuni, maji ya ndoo yakimwagika, na akitoka alikuwa akisema sabuni imemwingia machoni.

Jumatano ilikuwa zamu ya Bismarck. Precious alisimama kabisa, maana hiyo aliipenda. Alisema mfalme wa Prussia alikuwa mapumzikoni, kwenye mji wa maji ya moto, balozi wa Ufaransa akamfuata na kumdai ahadi. Mfalme akamkatalia kwa upole, kisha akamtumia Bismarck, waziri wake mkuu, telegramu ya kumweleza yaliyopita. Bismarck akaishika ile telegramu na kuifupisha. Maneno ya upole akayatoa, yaliyobaki akayapeleka magazetini, na Wafaransa walipoyasoma wakaona wametukanwa.

"Hakuongeza uongo hata neno moja, dada. Alipunguza tu. Na vita ikaja."

Getruda alikuwa ameshona mfuko wa sketi nje ndani. Alianza kuufumua, na akiwa ameinama hivyo akauliza, bila hata kufikiri, "Mwezi gani huo?"

 Getruda alipoinua kichwa alikuta anatazamwa.

"Wa saba," Precious alisema. "Ngano ilikuwa inakaribia kukatwa. Umeuliza kama baba."

"Si nimekua naye."

"Simu yake bado tu?"

"Fundi anasema inahitaji kukauka."

Alhamisi nusura mambo yaharibike. Getruda alikuwa uani anaanua nguo, simu yake ikaita mezani, na Precious akaipokea kabla hajafika. Ni baba mdogo Elias. Precious alimsalimia shikamoo kwa furaha, akasikiliza, kisha akauliza hapo ni wapi mbona watu wanaimba. Getruda alisimama mlangoni na mashuka kifuani. Alisikia kwa mbali sauti za wanawake zikipanda na kushuka, na aliujua wimbo. Baba mdogo alisema wako kwenye sala ya jumuiya. Precious akaomba apewe baba basi, kama naye yupo. Baba mdogo akasema baba yako hapa amelala, mwanangu, usiwe na wasiwasi, wewe soma.

"Amelala jumuiyani?" Precious aliuliza baada ya simu kukatwa. "Na kelele zote zile?"

"Amechoka na mpunga," Getruda alisema.

Usiku huo hakuna mada iliyosimuliwa. Precious alisema mada ya vita ya kwanza ya dunia ataisoma kimya, na mkataba wa Versailles atambakizia baba, simu ikitengemaa. Aliingia kulala mapema. Getruda alimsikia akigeuka kitandani.

Ijumaa, Getruda alipanga begi moja la watu wawili, kanga nyeusi zikiwa juu, akaenda kusubiri nje ya geti la chuo. Alikuwa ameyapanga maneno. Angemshika mkono, angempeleka kwenye benchi la mama anayeuza chai, angehakikisha amekaa. Meli ilikuwa ya mchana, muda ulitosha.

Lakini Precious alitoka mapema mno, tena anatabasamu. Mtihani haukufanyika. Karatasi za maswali zilizochapwa hazikutosha nusu ya darasa, wakubwa wakavutana humo ndani, mwishowe Mwalimu Chenge akatoka kuwaomba radhi. Umesogezwa hadi Jumatatu asubuhi.

"Bora hata," alisema. "Sikuwa nimelala vizuri. Leo lazima nimpate baba, dada, hata kwa simu ya padri."

Getruda alimwomba amsubiri kidogo. Alizunguka nyuma ya ukuta, akampigia baba mdogo Elias na kumweleza. Alimwomba mazishi yasogezwe. Baba mdogo alisema kaburi limeshachimbwa, watu wameshafika kutoka Musoma, na hospitali haiwezi kukaa na mwili zaidi. Alisema kwa upole kwamba yeye Getruda aje peke yake. Precious abaki na shemeji yake, afanye mtihani Jumatatu, kisha aletwe aonyeshwe kaburi.

"Na akiuliza nimekwenda wapi?"

"Utajua la kusema. Mbona umeweza wiki nzima."

Getruda alibaki ameshika simu. Mama yao alipofariki, Precious alikuwa mdogo wa kubebwa, wakampeleka kwa jirani ili asione. Mtoto alipokua alianza kuuliza, na hakuacha: mimi nilikuwa wapi siku hiyo? Nililia? Nilimwaga udongo? Getruda ndiye aliyekuwa akijibu, na kila mara jibu lilikuwa lile lile, kwamba ulikuwa kwa jirani. Akaona Jumatatu, na mwaka ujao, na miaka yote itakayofuata, swali hilo likiulizwa mara mbili. Akauona pia mtihani, kazi ya miaka mitatu, na sauti ya baba yake akiwaambia watu sokoni Nansio kwamba ana mtoto anayesoma mambo ya Wazungu tangu zamani zao.

Alirudi getini hajaamua. Precious alikuwa ameliona begi, kanga nyeusi ikichungulia kwenye zipu.

"Na hilo begi?" alisema, bado na ule utani wa mtu aliyeponea chupuchupu. "Nani amekufa?"

"Ni baba," Getruda alisema.

Hapakuwa na benchi wala mkono wa kushikwa. Precious aliendelea kutabasamu kidogo, kama taa inayochelewa kuzima.

"Lini?"

"Jumanne."

"Jumanne lini?"

"Asubuhi. Akivuna."

Wanafunzi walikuwa wakitoka na kuwapita. Precious aliwatazama, kisha akamtazama dada yake.

"Jumatano ulinisikiliza Bismarck mpaka mwisho."

"Ndiyo."

"Ukaniuliza na mwezi."

Getruda alitaka kusema kwamba hakukusudia, kwamba lilimtoka. Badala yake alimwambia kwamba mazishi ni kesho, kwamba baba mdogo ametaka abaki, na kwamba akienda huenda mtihani ukaharibika, achague mwenyewe. Precious aliinama, akachukua begi, akatangulia kuelekea barabarani.

 Melini Precious alikaa upande wa pili, begi mapajani, vitabu vyake vya Ulaya ndani ya mfuko wa plastiki kando ya miguu. Nansio ilipoanza kuonekana, ndipo alipouliza kama baba alikuwa amemaliza kuvuna. Getruda alisema alibakiza upande wa chini.

Baba mdogo Elias aliwaona wakiingia wote wawili. Alimkumbatia Precious, halafu akamtazama Getruda juu ya bega la mtoto, na hilo jicho Getruda alilibeba siku zote za msiba. Jumamosi Precious alimwaga udongo wake. Alilia akiwa amesimama, ameshikwa na shangazi pande zote. Kesho yake, kabla ya meli, aliwakuta wanawake wa jumuiya wakikata mpunga uliobaki upande wa chini. Alisimama tutani akiwatazama mpaka alipoitwa, mara ya kwanza, na ya pili.

Jumatatu aliingia kwenye chumba cha mtihani. Alisema baadaye kwamba swali la vita ya kwanza lilikuwepo, na kwamba aliandika mwezi wa nane juu ya ukurasa, akabaki kuutazama ukurasa ule mpaka muda ukaisha.

Matokeo yalipotoka, alikuwa amefaulu yote isipokuwa Historia ya Ulaya. Alipata sapu, arudie mtihani huo. Baba mdogo Elias alipiga simu, akaongea na Mhoja, akasema yeye alilijua hilo, hakuomba kuongea na Getruda. Precious hakumlaumu dada yake kwa kumwambia. Lile la kumficha hajalizungumza, na Getruda hajaomba radhi.

Mtihani wa marudio ni wiki ya pili ya Septemba. Jioni Precious huvuta kigoda karibu na cherehani na kusimulia. Jana wamemaliza Versailles. Getruda haulizi kitu. Mwezi, Precious huutaja mwenyewe, mwanzoni kabisa, ndipo anaendelea.