Masaa Tisa ya Profesa

Kaka yake alipotoa tena simu mfukoni, Fundi alitamani kuitupa dirishani, simu pamoja na mwenyewe. Kaka huyo ukoo mzima ulimwita Profesa, ingawa hajawahi kufundisha hata kuku. Jina alilipata kwa ujuaji.

Jana jioni ndipo alipoharibu. Madaktari walishasema hawana la kufanya tena, na mama yao alikuwa na ombi moja: amwone Kitinda, mwanawe wa mwisho, aliyekuwa ng'ambo. Kitinda akapiga simu kusema anaelekea uwanja wa ndege. Profesa hakungoja amalize. Aliandika majina ya viwanja viwili, simu ikamtolea kilomita na muda wa kuruka, akaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha mama pale hospitalini.

"Mama, ni masaa tisa tu! Kesho asubuhi unaye hapa."

Nesi alipoleta sindano ya maumivu, mama akaikataa. Sindano ile ilikuwa ikimlaza siku nzima.

"Mwanangu asije akanikuta nimelala," alisema. "Masaa tisa nayaweza."

Akayaweza, kwa kuuma shuka. Fundi, ambaye kwa cherehani yake angeweza kuokoa gauni lililokatwa vibaya, alikaa pale ameshika mkono wa mama yake bila la kufanya.

Asubuhi Kitinda akapiga tena. Alikuwa kwenye benchi la uwanja wa nchi nyingine kabisa, akisubiri ndege ya pili. Angefika kesho mchana.

Fundi alimburuta kaka yake hadi koridoni.

"Hakuna ndege ya moja kwa moja kuja hapa! Haijawahi kuwepo! Ulishindwa nini kumuuliza?"

"Hesabu yangu haina kosa. Umbali ule ukiugawa kwa mwendo wa ndege..."

"Ndege ipi? Mama amekesha anatafuna shuka kwa ajili ya ndege ya kwenye simu yako, kaka! Nenda kamwambie. Kwa mdomo wako huohuo."

Profesa akaingia chumbani. Fundi alimfuata nyuma, amefura.

Mama aligeuza shingo. Macho yalishafifia, aliona umbo la mwanamume mlangoni, basi.

"Kitinda? Umefika, baba?"

Tangu azaliwe, Profesa hakuwahi kuacha kosa la mtu lipite bila kulisahihisha. Hili aliliacha. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Nimefika, mama."

"Haya. Mwite nesi sasa."

Akachomwa sindano, akalala ameshika mkono usio wa Kitinda. Fundi alitaka kumfichua kaka yake. Angesema kweli, mama angerudi kuuma shuka. Akanyamaza, na kunyamaza kwenyewe kukamtia hasira zaidi, maana sasa naye alikuwa ndani ya uongo ule.

Mama hakuamka tena. Kesho yake mchana Kitinda aliingia na begi begani, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akakuta kitanda kimeshatandikwa shuka jipya. Aliweka begi sakafuni.

"Aliniulizia?"

Profesa aliinamisha kichwa.

"Mjibu," Fundi alisema. "Si wewe ndiye unayejua kila kitu? Mjibu mdogo wako."

"Hakukuulizia," Profesa akasema. "Alijua umeshafika."