Majiko Yaliyorudi

Msanifu wa majiko alikuwa amepiga magoti uani, akichambua rundo la unga mwekundu, akitafuta walau kigae kimoja cha ukubwa wa kiganja. Hakukipata. Kinu, mtwanga vigae, alisimama karibu yake ameegemea mchi, jasho likimtiririka.

"Dada, nimekosea?"

"Hujakosea. Umetwanga vizuri mno."

"Si ulisema mwenyewe jiko lililorudi lisilale uani?"

Kweli alisema. Karakana ile ilikuwa na desturi ya kutwanga majiko ya udongo yaliyopasuka na kuchanganya unga wake na udongo mbichi, ili majiko mapya yastahimili moto. Ila zamani jiko lililorudishwa na mteja lilikaa kwanza kibarazani, mafundi wakaligeuzageuza na kubishana wee mpaka wachoke. Msanifu ndiye aliyekomesha mambo hayo, pale jiko jipya la mdomo mpana, alilolichora yeye, lilipoanza kurudi. Aliwaambia watu ni kwa ajili ya usafi.

Sasa bosi alitaka kujua linapasuka kwa nini. Jibu lisipopatikana, jiko jipya litaachwa, warudie lile la kale ambalo wateja wameshalichoka. Na karakana nzima haikuwa na jiko bovu hata moja la kutazama. Walikuwa wameyala makosa yao yote, na makombo wakalamba.

"Liko moja nalijua," Kinu alisema, macho pembeni. "Ila usinitaje."

"Liko wapi?"

"Kwa mama mkwe wako."

Msanifu alicheka. Kinu hakucheka.

"Nililifunga waya mimi mwenyewe. Akaniapisha nisikwambie."

Mama mkwe alimpokea mlangoni kwa bashasha. "Karibu mwanangu! Saa hizi, kwema?"

"Kwema, mama. Nimekuja kulitazama jiko."

"Aa, jiko halina neno! Linapika mpaka majirani wananionea wivu."

"Mama."

Bibi alishusha pumzi, akaenda jikoni, akafunua beseni kubwa lililokuwa limefudikizwa pembeni. Jiko lilikuwa limezungushiwa waya kama mgonjwa aliyefungwa bendeji.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Nilisema kila nikimaliza kupika linalia, ta! Ukasema majiko hayalii, labda ni masikio yangu. Ukanuna siku nzima. Nikasema basi, nifunike kombe. Nyumba ikose jiko, isikose amani."

Msanifu alihisi uso unamwaka. Aliinama ili apate pa kuuficha.

"Ukimaliza kupika unafanyaje, mama?"

"Namwagia maji, mkaa usiteketee bure. Nani asiyefanya hivyo?"

Karakanani hakuna aliyefanya hivyo. Mkaa wa majaribio ulikuwa wa kampuni. Waliuacha ufe wenyewe.

"Na lile la zamani?"

"Lile mdomo wake mwembamba, ungemwagaje? Nilikuwa natoa makaa kwa koleo kwanza."

Alilipindua jiko. Ufa ulianzia ndani, chini kabisa, pale maji yalipotuama.

"Unanuna tena?" bibi aliuliza.

"Hapana, mama. Naona haya."

"Haya si ugonjwa. Lichukue, ila uniletee lingine. Sitapikia mapajani."

Alilibeba kichwani na waya zake, mchana kweupe, akapita lango la karakana mbele ya mafundi wote, akaliweka kibarazani. Waliligeuzageuza. Wakabishana, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti. Mmoja alisema alishaona alama ile ya maji kwenye jiko la dada yake, hakuthubutu kusema.

Waliwasha jiko jipya, wakaliacha mpaka likawa jekundu, kisha msanifu akamwaga maji kwa mkono wake. Ta! Safari hii alisikia mwenyewe.

Kujua ugonjwa si kujua dawa. Fundi mmoja alitaka kitako kinene, mwingine akataka tundu la kutolea maji. Msanifu aliwafinyangia vitako viwili vya majaribio. Jua lilipozama udongo ulikuwa bado mbichi, tanuri lingewangoja.

"Bosi kesho akiuliza majiko yaliyorudi mwanzo yako wapi," Kinu alisema akinawa mikono, "nimjibu nini?"

"Usimjibu. Nitaanza mimi kumwambia, kabla hajauliza."

Alivifunika vile vitako kwa gunia lenye unyevu, visikauke upande mmoja.