Winda la Mzee Semkiwa

Naapa kwa meno yangu sita yaliyobaki na yale niliyokwisha kuyazika, hili ninaloandika ni kweli tupu, halina chumvi wala sukari, na aliyepatwa nalo si mimi, ni jirani yangu Mzee Semkiwa, mstaafu wa idara ya wanyamapori, ambaye Mungu amempa mtoto wa kwanza akiwa na miaka sitini na miwili. Mtoto ni wa kike, anaitwa Tunu. Leo anatimiza siku arobaini, na siku zote hizo baba yake hajamshika hata mara moja, kazi yake ni kuchungulia mlangoni na kuwasimulia wageni alivyowinda nyati. Sasa mama mkwe wake, Bi Mashavu, aliyekuja kumhudumia mzazi, anafunga mizigo arudi Korogwe, na neno lake amekwisha kulisema. Baba Tunu, heshima yako ninayo, lakini siwezi kumwachia binti yangu watoto wawili, mmoja wa siku arobaini na mwingine wa miaka sitini. Alasiri utamwogesha huyu na kumvalisha mbele yangu. Ukishindwa, basi la saa kumi na moja tunapanda watatu, na utatuona tena mtoto akishatembea. Hidaya, mke wa mzee, anakunja nguo za mtoto na kuzitia begini, na hilo ndilo linalomchoma mzee, maana anaona hata yeye haamini kwamba ataweza.

Basi anakula sahani mbili za wali wa nazi, anajilaza kwenye mkeka barazani ili afikiri, anafikiri mpaka anakoroma, na mkeka unalegea chini yake kama uji, anapenya katikati ya ukili na kutokea upande wa pili, na upande wa pili ni barabara. Barabara ni ya kitambaa, nyeupe, inanukia sabuni na jua, inakwenda mpaka macho yanachoka, na imezibwa na kizuizi cha geti, na kando ya kizuizi amesimama bawabu mwenye uso laini kama yai lililomenywa. Mbona huna uso, anauliza mzee. Uso ni wa anayetazamwa, anajibu bawabu, mimi bado sijatazamwa, na wewe pia, hebu jipapase. Mzee anajipapasa na kukuta shavu tupu kutoka sikio hadi sikio. Hapa, anasema bawabu, hapiti mtu asiye na winda. Mzee anacheka kwa mdomo asiokuwa nao. Winda? Mwenzako nyati nimemwinda kwa kandambili, tena ya mguu wa kushoto. Nyati gani, mzee mwenzangu, anamkata bawabu, miaka thelathini ulikuwa unainua kizuizi na kuandika namba za magari. Mimi nasema winda la kumfunga mtoto, si la kufukuza mnyama. Na anamtupia mikononi kitambaa cha pembe nne, na juu ya kitambaa yuko Tunu, uchi, mwenye uso peke yake katika nchi nzima, naye macho ameyafumba. Mzee anamfunga ajuavyo, mikono na miguu pamoja, fundo la kamba ya mbuzi, anapiga hatua kumi na kujikuta palepale getini. Anafunga tena, anarudi tena. Mara ya tano anachoka, anatazama chini, anaona barabara yenyewe inajikunja, pembe kwa pembe hadi inakuwa pembetatu, ncha inapanda katikati, mabawa mawili yanakuja kukutana chini kidogo ya kitovu, na mikono yake inaifuata barabara kama mtu anayefuata nyayo, na kizuizi kinainuka chenyewe.

Ng'ambo kuna mji wa vioo, kila ukuta kioo, kila kioo kina Semkiwa, na kila Semkiwa amebeba mtoto ambaye kichwa kinamning'inia. Mwanamke asiye na uso anasuka mlangoni. Kitendawili, anasema. Tega, anasema mzee. Paa zito, nguzo mlenda. Swala. Siyo, nipe mji. Mzee anampa mji ule, vioo vinazimika, wanaingia mji mwingine ulio uleule. Uyoga. Nipe mji. Twiga mgonjwa. Nipe mji. Anatoa miji hadi miji inamwishia, pamebaki kioo kimoja tu, na ndani yake kichwa cha Tunu kinaanguka nyuma, na kabla mzee hajafikiri kiganja chake kimekwisha kuruka na kuidaka shingo. Umejibu, anasema mwanamke, na mzee anataka kusema kwamba hajasema kitu, lakini mwanamke sasa ni mto, mto wenye mvuke, na sauti yake inatoka majini. Niulize kama nina moto. Mzee anatia kiganja, anasema maji mazuri haya. Kiganja chako kina sugu za miaka mingi, kinasema uongo kama mwenyewe, uliza kiwiko. Anatia kiwiko, analaani kidogo, anangoja mto upoe.

Akishamwogesha, Tunu analia. Hana njaa, hajalowa, hana joto, analia tu, na kwa kila kilio kipande cha barabara kinayeyuka mpaka mzee amebaki amesimama juu ya leso. Anamweka begani, anampapasa mgongo, na kwa kuwa hajui wimbo wowote anamsimulia nyati. Nyati anakuja, mama, anakuja na vumbi lake, mimi nimevua kandambili. Nyati anaanguka, na hapo Tunu anapiga mbweu moja kubwa ambayo inaing'oa miji yote niliyoitaja na geti lake. Kisha anafumbua macho, anamtazama. Mzee anahisi pua ikichomoza, halafu nyusi, halafu mdomo, na mdomo unacheka.

Baba Tunu, alasiri imefika. Bi Mashavu amesimama juu yake na beseni. Kifuani pa mzee amelala Tunu, winda limekaa sawasawa. Hidaya anasema, mama, si wewe uliyemlaza hapo? Bi Mashavu anasema, nilidhani ni wewe. Anainama, analifungua lile winda, anasema haya, tuone. Mzee anatia kiwiko kwenye beseni, anaagiza kata mbili za maji baridi. Anaogesha, mkono shingoni. Anakunja pembe kwa pembe. Bi Mashavu anatazama mpaka mwisho, kisha anauliza taratibu, nani kakufundisha? Mzee anajibu, kuna barabara moja. Na basi la saa kumi na moja anapanda mtu mmoja.

Nilikuwa nimefika hapa Hidaya aliposoma karatasi kutoka nyuma ya bega langu. Jirani gani, akasema, mwenye mke wa jina langu na mama mkwe wa jina la mama? Tena wewe unayejua kufunga hivyo, zile nepi za wiki nzima zinangoja nani? Nikaweka kalamu chini. Kwa hiyo nalipa ule uongo wa jirani. Niko uani, nimefua kumi na tisa, mikono imekunjamana, Tunu yuko mgongoni ananipumulia shingoni, na kamba ya nepi imekwenda mpaka sioni inakoishia. Sijui kama niliamka. Kama bado nimelala, atakayeniamsha ndiye atakayefua zilizobaki.