Bora Kuliko Wote Niliowafundisha

Mwalimu Sarala Tuladhar alikuwa amefundisha kemia mjini Lalitpur kwa miaka ishirini na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna kitu alichokidharau kama mzazi mwenye boksi la ladu, vile vidonge vitamu vya sherehe, mkononi.

Msimu wa wazazi hao ulianza sikukuu ya Tihar ilipokwisha, baridi ilipoanza kuuma. Mwaka uliotangulia kijana mmoja wa shule hiyo alipata nafasi katika chuo kimoja cha Amerika, akalipiwa kila kitu mpaka tiketi ya ndege. Basi mwaka huu hakuna aliyetaka kusikia habari za chuo kingine. Amerika ina vyuo visivyohesabika, lakini watu hawa wote walikimbilia mlango ule ule kama kuku waliomwagiwa mchele.

Wa kwanza kufika alikuwa mama yake Prajwal. Alimvisha Sarala skafu ya hariri shingoni, akaweka boksi mezani, kisha akatoa barua ya kumpendekeza mwanawe, imekwisha kuandikwa na mawakala wa kutafutia watu vyuo, wale wa mtaa wa Putalisadak. Kazi ya mwalimu ilikuwa kuituma tu kwa jina lake. Barua ilidai Prajwal ameanzisha chama cha kusafisha mto Bagmati. Sarala alimjua vizuri huyo Prajwal. Hakuweza kuwasha kichomeo cha maabara bila kumuunguza mtu nyusi, na mto Bagmati alikuwa akiuona kupitia kioo cha gari la baba yake.

"Madamu, wewe ndiye mama yake wa pili," mwanamke yule alisema. "Utamtupa mwanao?"

Sarala aliguna, wala hakufika ukurasa wa pili. Fomu ya chuo ilikuwa na mstari wa visanduku vya kumpima mwanafunzi, kuanzia wa kawaida hadi kile cha mwisho kabisa: bora kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Akapiga tiki hapo, akatuma. Kwake hiyo ilikuwa adabu tu, kama kumwambia mwenye nyumba kwamba umeshiba wakati wali ulikuwa mbichi. Nani huko Amerika angekaa chini asome upuuzi kama ule?

Wakaja wengine sita, na maboksi yao. Barua mbili zilikuwa ile ile moja, mawakala wamebadilisha jina tu, lakini Sarala hakugundua kwa sababu hakuzisoma. Aliwadharau watu wale kiasi kwamba hata kuwakatalia aliona ni kuwapa hadhi wasiyostahili. Wote saba aliwapigia tiki mahali pale pale.

Halafu akaja Junu Maharjan, mikono mitupu. Wazazi wake walikuwa wakamua mafuta ya haradali huko Khokana, na bila kulipiwa kila kitu asingevuka hata uwanja wa ndege. Huyu alikuwa mtoto wa namna nyingine kabisa. Mwaka jana alirudia jaribio moja mara tisa, mpaka akathibitisha kwamba kemikali ya shule imeharibika na kwamba Sarala amekuwa akifundisha jibu la makosa kwa miaka minne. Alimwambia hivyo mbele ya darasa zima, kwa heshima, bila kupepesa macho. Sarala aliona aibu, na tangu siku hiyo akampenda kama damu yake.

Barua ya Junu, Sarala aliiandika mwenyewe kwa siku tatu. Aliifuta, akaianza upya, akaeleza habari za yale majaribio tisa. Alipofika kwenye visanduku, akapiga tiki kwenye kile cha mwisho na moyo wake ukajaa furaha.

Jumatano, wakati wa mapumziko, jibu la chuo likaingia kwenye kompyuta ya chumba cha walimu. Walimshukuru kwa barua zake nane, zote zikisema mwanafunzi huyu ni bora kuliko wote aliowahi kuwafundisha, mbili kati yake zikifanana neno kwa neno. Kwa hiyo hakuna hata moja ambayo wangeitegemea. Waombaji, ambao nao wameandikiwa, walete barua ya mwalimu mwingine wa sayansi au hisabati, aliyewafundisha miaka miwili, kabla ya Ijumaa.

Kabla ya kengele ya saa nane, mama yake Prajwal alikwisha kupiga simu kumtoa wasiwasi. Mawakala walikuwa wameshapata mwalimu wa fizikia. Hajawahi kumfundisha Prajwal hata siku moja, lakini anaandika vizuri. Na wale wengine sita mambo yao yalikuwa yameshanyooka vivyo hivyo.

Junu hakuwa na wakala. Mwalimu wake wa fizikia alikuwa amehamia Australia tangu sikukuu ya Dashain na hakuna aliyejua pa kumpata, na wa hisabati alikuwa na wiki tatu tu shuleni. Sarala alimwita maabarani akamweleza yote, hakuficha kitu. Ilimuuma kama kumeza mfupa.

"Nitawaandikia tena," alisema. "Nitawaambia wale saba ni uongo, na wewe ndiye wa kweli."

Junu alifikiri kidogo, kama alivyofikiri juu ya kila jaribio.

"Kwangu ulipiga tiki wapi, Madamu?"

"Kile cha mwisho. Na kwako nilimaanisha, mwanangu."

"Pale pale pa Prajwal?"

"Pale pale," Sarala akasema.

"Basi hata mimi ningekuwa wao, nisingekuamini."

Akachukua mkoba wake. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alimtazama tu mwalimu wake, jinsi Sarala mwenyewe alivyozoea kuwatazama wale wenye maboksi ya ladu, kisha akatoka kwenda kupanga foleni ya basi la Khokana.