Programu Isiyo na Risiti

Saa mbili asubuhi Matrida alikuwa akimsafisha marehemu jicho la kushoto. Alikuwa ameikuza picha mpaka jicho likajaa kioo kizima cha kompyuta, na kwa mausi alikuwa akiokota rangi ya shavu, punje kwa punje, na kuipachika juu ya wino wa zambarau. Marehemu, Mama Boke, aliacha picha moja tu ya ujana wake, ile iliyobandikwa kwenye kadi ya chama cha ushirika wa pamba kule Bunda. Karani wa enzi hizo aligonga muhuri katikati ya uso, kana kwamba anaogopa mama huyo atatoroka na pamba ya chama.

Mazishi yalikuwa siku hiyohiyo, saa tisa, Butiama. Binti wa marehemu, Ghati, angepita saa sita na gari la kukodi kuchukua vijitabu vya ratiba na ile picha ikiwa kubwa, ya kuweka juu ya jeneza. Vijitabu vilikuwa tayari; picha Matrida alikuwa ameishughulikia siku mbili. Jicho la kulia lilishakaa sawa, na mdomo pia. Lilibaki hilo moja.

Steshenari yake ilikuwa mtaa wa Mukendo, mjini Musoma, chumba chenye meza mbili, printa, na kiti cha mteja kilichofungwa mguu kwa waya. Miaka mitatu nyuma alikuwa akitumia programu za wizi kama mtaa mzima, zile zinazohamishwa kwa flash kutoka mkono hadi mkono. Siku moja flash ya mteja ikamletea kirusi, kazi zake zote zikageuka takataka. Fundi Elias wa Kitaji ndiye aliyefuta kila kitu, akamwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na ndani yake GIMP ya picha, Inkscape ya kuchora na Scribus ya kupanga vitabu. Zote za bure, zimetengenezwa na watu wa mbali waliokubali kwamba yeyote azitumie, azinakili, ampe na jirani. Miezi miwili ya kwanza Matrida alimlaani Elias kwa lugha mbili, maana kila kitufe kilikuwa mahali pengine. Mwezi wa tatu alinyamaza. Sasa mashine ilikuwa kuukuu lakini haisumbui, na aliipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe mzee anayekamuliwa bado.

Akasikia milango ya mabati ikishushwa, mmoja baada ya mwingine, kutoka upande wa barabara kuu. Fredi, jirani mwenye steshenari ya pili, akachungulia.

"Dada Matrida, funga. Watu wa hakimiliki wanakagua leseni za programu. Wanabeba mpaka CPU."

"Mimi nifunge nini? Mimi nina hizi za halali."

Fredi akacheka, akarudi kwake. Yeye pia hakufunga.

Walikuja watatu na pikapu. Mkubwa wao aliitwa Clementi, mtu wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na macho ya mtu aliyekosa chai. Hakuketi.

"Risiti ya programu, mama."

"Sina, mheshimiwa. Hizi sikununua. Nilipewa bure."

Hapo ndipo alipoharibu, maskini, na aliharibu kwa kusema kweli. Kwetu mtu akisema amepewa kitu bure, watu huuliza ameiba kwa nani. Clementi akafungua daftari.

"Nani alikupa?"

"Fundi. Na fundi naye alipewaga hivyohivyo. Hata mimi naruhusiwa kumpa mtu."

"Kwa hiyo ni mtandao," Clementi akasema, akaandika.

Kijana wake mmoja akaanza kuchomoa nyaya. Matrida akashika CPU kwa mikono miwili. "Baba, humo ndani kuna msiba. Watu wanazika leo."

"Kila duka nililopita leo lina msiba," Clementi akajibu. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuumiza Matrida zaidi. Wakabandika utepe wenye namba, wakaipakia.

Kwa Fredi hawakukaa hata dakika tano. Mashine yake ilikuwa na programu za wizi kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, lakini alikuwa na risiti. Ilikuwa na namba, sahihi, na muhuri wa duara wa kampuni isiyokuwepo popote duniani isipokuwa ndani ya kompyuta ya Fredi, alikouchora mwenyewe. Wakamshukuru, wakaenda.

Matrida aliketi kwenye kiti cha mteja. Kopi ya ile picha hakuwa nayo popote. Alijisemea atahamisha akimaliza, na wasemao hivyo tunawajua. Fredi akaja na sura ya huruma ya kweli.

"Dakika kumi tu, dada. Nakutengenezea kama yangu. Unawapelekea, unachukua CPU yako, tunasahau."

Alitamani. Tusimpambe, alitamani sana, hata akafungua mdomo kutaja jina la duka la kuandikwa kwenye risiti. Kisha akaona ujinga wake: miaka yote aliyotumia vya wizi hakukamatwa, na leo, kwa kitu pekee ambacho hakukiiba, ndio aghushi karatasi.

"Mura, mdogo wangu, mimi nilikuwaga mwizi, nikaacha," akasema. "Siwezi kuanza tena leo, na maiti ya mtu mkononi. We niprintie leseni yenyewe."

Waliitafuta kwa simu ya Fredi. Zilikuwa kurasa kumi na mbili za Kiingereza kigumu. Fredi alizitazama zikitoka kwenye printa kama mtu anayetazama mbuzi akila nguo zake, maana bei ya rimu ya karatasi ilikuwa imepanda tena wiki hiyo.

Ofisini kwa Clementi CPU zilikuwa zimepangwa sakafuni ukutani, na ya Matrida ilikuwa ya nne. Alisubiri kwenye benchi mpaka saa tano kasoro, ndipo Clementi akamwita mezani.

"Hii nini?"

"Leseni. Inasema niitumie bure na nimpe nimtakaye. Soma hapo."

Clementi alipindua kurasa zote kumi na mbili bila kusoma hata moja. Alikuwa akitafuta kitu kingine, na alipofika mwisho akazirudisha. "Haina muhuri."

"Waliotengeneza ni watu wengi, mheshimiwa. Wengine wako nchi zisizojuana. Nani agonge?"

"Sasa mimi nitajuaje kama ni ya kweli?"

Matrida akataka kulia. Akageuza uso asionekane, na macho yake yakaangukia kompyuta ya mezani. Kwenye kona ya chini ya kioo kulikuwa na maandishi yaliyofifia, yale yanayotokea pale programu kubwa ya mashine haijalipiwa. Aliyajua vizuri.

"Hayo maandishi," akasema polepole, bila kunyoosha kidole. "Na mimi nilikuwaga nayo. Miaka miwili. Yanaudhiga."

Clementi akatazama kona ile, akatazama mlango. Akakisogeza kioo kidogo upande wa ukuta.

"Waliniletea hivyohivyo," akasema kwa sauti ya chini. "Ombi la kulipia niliandika tangu mwaka juzi." Akamgeukia. "Sasa unataka nifanye nini, mama?"

"Wewe si una muhuri? Gonga. Andika umeiona."

Akagonga ukurasa wa kwanza, akaandika *imeonekana*, tarehe, na sahihi.

"Na hizo kumi na moja," Matrida akasema.

Clementi akazihesabu. Kisha akavuta kidau cha wino, akazigonga zote.

Saa tano na nusu bodaboda ilimshusha Mukendo, CPU mapajani. Akachomeka nyaya. Mashine iliwaka, taratibu kama kawaida yake, na jicho la Mama Boke likajitokeza likiwa pale alipoliacha. Akakaza mwendo.

Ghati aliingia wakati karatasi ya picha inatoka kwenye printa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, kitenge kimefungwa kiunoni kimsiba, na alikuwa na haraka. Alipoipokea picha, haraka ikamtoka. Akakaa.

"Walikuwaga wanasema nimefanana naye," akasema. "Nikadhani wananifariji tu. Mimi nilimjua akiwa mzee."

Matrida akainuka. Akampa maji. Kwenye karatasi msichana mwenye shavu la Ghati na paji la uso la Ghati alikuwa anatazama mbele kwa macho yote mawili, bila woga wowote.

"Na hicho ulichofanyia kazi," Ghati akauliza akisimama, "kimetengenezwa na nani?"

"Watu wengi, dada. Siwajui."

"Waambie asante."

Gari lilipoondoka kuelekea Butiama, Fredi akaingia amekumbatia CPU yake kifuani kama mtoto mgonjwa. "Niwekee na mimi, dada, kabla hawajaijua risiti yangu," akasema. Matrida alimsogezea kiti chenye waya, akamwonyesha wapi pa kubonyeza kwanza, na wakati mashine ya Fredi inajaza Linux, yeye akafungua ukurasa wa mtandaoni ambako watengenezaji wa GIMP husoma maoni. Hakuwahi kuwaandikia. Kiingereza chake kilimkimbia, akaandika kwa Kiswahili, watajua wenyewe:

"Ndugu zangu, habari za kazi. Ghati binti Boke wa Butiama amemwona mama yake, anasema asante. Na mimi Matrida wa Musoma nasema asante. Nina ombi moja dogo. Toleo lijalo mkiweza, wekeni risiti. Huku kwetu kitu kisichouzwa hakina mahali pa kuandikwa."

Akasoma mara mbili, akatuma.