Kila Mtu na Tuta Lake

Bustani ya wanawake wa Mpendae ilipoanza, mwaka tisini na mbili, ilikuwa ya shirika. Maana yake mimi na Ghaliya tulilima, na wenzetu walikuja siku ya kuchuma. Ghaliya, shoga yangu tangu chuoni, aliridhika. "Kidole kimoja hakivunji chawa, Ummy," akanambia. Nikamjibu vidole kumi vikitegeana, chawa anazeeka.

Nikasimama kikaoni, nikawapa zao. Tukapigilia vijiti, tukatembeza kamba za makumbi, kila mtu na tuta lake, na kanuni nikaitunga mwenyewe: atakayeacha tuta mwezi mzima bila kulitia mkono, apewe mwengine. Na mkono uwe wake, si wa mtoto wala wa kibarua. Ghaliya akaninunia mpaka Ramadhani. Lakini tungule, wallahi, zilizaa mpaka nikapeleka sokoni Darajani.

Kisha mume wangu Mabrouk, fundi cherehani, akafariki, nikakaa eda, miezi minne na siku kumi.

Mwenye eda hatoki kwenda kupalilia bamia. Cherehani ya marehemu ilikuwa imeshanyamaza, na tuta lile ndilo lililobaki la kunilisha. Kanuni yangu haikutaja mauti. Nilipoitunga sote tulikuwa wazima. Borafya, mwanamke mwenzetu aliyekuwa akingojea tuta litoke, alikuja kunipa pole. Alilia vizuri tu. Kisha akauliza kama udongo wa upande wangu unashika maji.

Nilimchukia. Nasema kweli, nilimchukia na tasbihi mkononi.

Ghaliya alikuja kila jioni, akanywa chai yangu, bustani hakuitaja. Mwisho nikashindwa.

"Tuta langu vipi?"

"Mimi sitazami vya watu. Si wewe uliyesema kila mtu na lake?"

"Borafya keshapewa?"

"Kunywa chai, itapoa."

Alipoondoka nikalia. Marehemu nilimlilia kwa stara, lakini tuta lile nililililia mpaka kamasi.

Siku niliyotoka eda nilikoga, nikavaa, nikachukua ndoo yangu, nikaenda bustanini nimejiandaa kugombana. Nikafika, nikasimama. Kamba hamna. Vijiti hamna. Bamia, mchicha na mabilingani vimeungana toka mferejini mpaka ukutani, na gugu hata moja hamna. Borafya kainama katikati, anapalilia.

"Kamba zangu nani kazitoa?"

"Mimi," alisema Ghaliya. "Kanuni yako inasema tuta lisilotiwa mkono apewe mwengine. Haya, nioneshe tuta."

"Na huyu Borafya?"

"Alitaka mahali pa kulima. Si analima?"

"Watategeana hawa, utakuja kunambia."

"Washaanza. Ndiyo maana nnakungojea wewe. Mimi hawaniogopi."

Makubwa! Nikaiweka ndoo chini.

"Langu lilikuwa wapi?" nikauliza.

"Mimi nshasahau," alisema, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Nilitafuta. Nilipopanda tungule pana mchicha, na mchicha ulikuwa umekwenda mpaka kwa jirani na kwa jirani yake. Kumwagilia langu peke yake sikuweza. Nikajaza ndoo, nikaanzia mferejini, nikamwagilia yote, huku nikimtukana Ghaliya kila hatua, na yeye nyuma yangu na ndoo yake ananiitikia, "Naam. Naam, Bi Ummy."